Kitendawili kisichoitikiwa

Swali kutoka kwa msomaji wa Bagamoyo:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa hapa Bagamoyo, nimesomea sanaa za ufundi. Wiki ya tamasha nilipewa ua wa nyumba moja kongwe karibu na pwani nisimike kazi yangu. Nilitundika madumu arobaini ya lita tano kwa kamba za katani, kila dumu na kiasi chake cha maji, katikati nikatandaza jarife kuukuu la wavuvi, kisha nikaweka vijiti ili watu wapige. Wageni kutoka Dar na wazungu walipiga picha tu, sikuona aliyeshika kijiti. Jioni watoto waliotoka madrasa wakayafanya bembea. Siku ya pili kamba mbili zikakatika, madumu tisa yakaanguka, mtoto mmoja akachubuka goti, na mwenye nyumba akaniambia nifunge. Mzee mmoja kwenye baraza ya jirani alisema: 'Huu mchezo wa watoto, si sanaa.' Ni kweli? Nifanyeje ili watu wazima washiriki? Na mwakani niweke kibao cha 'Usiguse'?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza lile goti la mtoto wa watu: kama hujaenda kwao kumjulia hali, nenda leo. Jibu hili litakungoja.

Kufungiwa kazi siku ya pili kunauma, lakini umeingia kwenye ukoo wa watu wakubwa. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Tate, London, lilimpa Mmarekani Robert Morris ukumbi, naye akaujaza majukwaa ya kuyumba, njia za kupanda, mipira mikubwa ya kusukuma, vitu vya kuburuta na kubingirisha. Watu waliambiwa wacheze, nao wakacheza kwelikweli. Wakaruka, wakagongana, wakaumia. Baada ya siku nne tu onyesho likafungwa. Jumba hilohilo liliisimika kazi ile upya mwaka 2009, likiwa limebadilisha vifaa na kuviimarisha, mwaliko wakauacha vilevile.

Nimeanza na huyo kwa sababu swali lako la kibao lina jibu fupi: usiweke. Ukiweka "Usiguse" utabaki na madumu yanayoning'inia, na madumu yanayoning'inia Bagamoyo tunayaona kila siku kwenye baiskeli za wauza maji.

La mzee ndilo zito. Watu wa fani yetu hupenda kumjibu mzee kama yule kwa majina ya Ulaya: kwamba Mholanzi Johan Huizinga alishaandika tangu 1938 kuwa utamaduni wenyewe umezaliwa kwenye mchezo, na kadhalika. Ni kweli aliandika, ila mzee wa baraza halimhusu. Yeye amekua na vitendawili. Tuanzie huko.

Mtegaji hakurupuki na fumbo lake. Anasema "Kitendawili!" kisha anasubiri. Wasikilizaji wakiitikia "Tega!" ndipo anapotega, wasipoitikia hana la kufanya, maana hakuna anayejitegea mwenyewe. Nao wakishaitikia wamejifunga. Wakishindwa kutegua wataombwa mji, na mji watautoa, na mtegaji atautembelea kwa maneno yake na kutamba apendavyo kabla hajawapa jibu. Katika dakika moja pamepita mwaliko, idhini, kanuni, uwezekano wa kushindwa, na malipo. Kazi shirikishi, yaani zinazomtaka mtazamaji atie mkono, zilizonigusa, za hapa na za ng'ambo, zote zina mambo hayo. Zilizoniacha baridi hukosa mojawapo, na kinachokosekana mara nyingi ni malipo: mgeni anaingia, anabonyeza kitu, kinawaka taa, anatoka, hajapoteza chochote wala hajabadilisha chochote.

Kazi yako ilisema "Kitendawili!" vizuri kabisa. Wakubwa hawakujua kwamba ni wao walioitwa. Watoto waliitikia "Tega!" kwa sauti ya juu, nawe hukuwa umewaandalia cha kutegua, wakajitungia chao. Kwa hiyo mzee amekosea aliposema si sanaa, lakini jicho lake liliona sawasawa: mchezo uliochezwa pale ulikuwa wa watoto, wako ulikuwa haujaanza.

Sasa jambo la kifundi ambalo hukuliuliza. Dumu la plastiki lililojaa maji halilii. Ukilipiga linatoa kishindo kizito kinachokufa papo hapo, kama mtu aliyepigwa mgongoni. Linalolia ni tupu. Watoto wa mtaani wanalijua hilo bila kufundishwa, ndiyo maana wakitaka ngoma humwaga kwanza, kisha hulipindua. Mimi siamini kwamba hakuna aliyeshika kijiti siku mbili nzima. Naamini yupo mmoja, wakati umekwenda kununua chapati, alipiga dumu, likasema "bup", akaangalia kushoto na kulia kama hakuna aliyemwona, akakirudisha kijiti. Umempa ngoma isiyoitika. Mchezo wowote, hata mdako, jiwe likirushwa lazima lirudi mkononi; mtu mzima aliyejikaza akashinda aibu yake mara moja hatarudia kama alichopata ni "bup". Mwaga maji. Acha matupu thelathini, mengine tia vidole viwili tu vya maji yacheze ndani, mengine tia simbi za pwani, zikitikiswa zinasema. Utashangaa.

Kisha kanuni. Msanii wa Kijapani Yayoi Kusama aliwatengenezea watoto wa Brisbane, Australia, mwaka 2002, chumba cha nyumba ya kawaida, meza, viti, vikombe, kila kitu kimepakwa rangi nyeupe. Anayeingia anapewa karatasi ya vibandiko vya duara vya rangi, abandike anapotaka. Basi. Siku zinavyokwenda weupe unamezwa, mwisho huoni kiti kiko wapi na ukuta uko wapi. Angalia werevu wake: mtoto hawezi kukiharibu chumba kile, kwa sababu kukiharibu ndiyo kazi yenyewe, na kila mmoja amepewa uharibifu mdogo tu, wa ukubwa wa kidole gumba. Wewe uliwapa watoto wako uharibifu wa ukubwa wa mwili mzima.

Na malipo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi mnapopita mbio. Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Kuba aliyeishi Marekani, mwaka 1991 alirundika pipi zenye karatasi za rangi kwenye kona ya chumba, pauni 175, sawa na kilo 79 hivi. Watazamaji wanaruhusiwa kuchukua na kula. Jina la kazi linamtaja Ross, mwenza wake, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo, na ule uzito husomwa kuwa uzito wa mwili wake alipokuwa na afya. Kwa hiyo umesimama pale, pipi iko mdomoni, tamu, na umeshampunguza mgonjwa. Wenye jumba wanaweza kulijaza rundo tena, naye akarudi. Watoto wanafurahia pipi, mama zao wanasoma maelezo ukutani kisha wanatafuna polepole. Mchezo ni uleule mmoja na kila umri umelipa kwa kadiri yake. Hakuna aliyelazimishwa kulia.

Sisemi utundike huzuni kwenye madumu. Nasema jiulize: anayepiga dumu lako anatoa nini? Kama dumu linabeba jina la kisima kilichokauka au mtaa usio na bomba, na kila pigo linamwaga tone moja chini, basi anayepiga ana furaha mkononi na deni miguuni. Hilo ni wazo langu tu, usilichukue kama halikukai.

Watu wazima sasa. Nenda jioni kaangalie wanaocheza bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, wachezaji ni wawili. Je, wanaoshiriki ni wawili? Mimi nikihesabu hupata wanane, kumi. Kuna anayeguna. Kuna anayesema "nyumba yako umeiacha wazi hiyo." Kuna anayesimulia alivyomfunga marehemu fulani kwa mtaji mmoja, na hakuna anayemwamini. Hawa hawagusi kete hata moja, lakini waondoe uone: wale wawili watamaliza kimya kimya na kwenda zao. Siku moja miongoni mwa wanaoguna atatokea asiyevumilia tena, atasema "pisha", na atakaa.

Ua wako haukuwa na pa kukaa. Ulimtaka mtu mzima avuke kutoka mlangoni hadi kwenye kijiti kwa hatua moja, mbele ya watu, akiwa hana hata kisingizio. Hapa pwani mtu mzima haruki mbele ya watoto, na pengine mkwewe yuko ng'ambo ya barabara. Mwekee benchi. Mwekee kivuli, kama ua una mkungu au mwembe benchi liende chini yake. Mwite muuza kahawa asimame hapo na kashata zake, na ule mlio wa vikombe anaovigonga uwe wa kwanza kusikika uani. Madumu yatakuwa yanamjibu yeye. Mzee aliyekuja kunywa kahawa ya mia chache hajaja kwenye sanaa, amekuja kwenye kahawa, heshima yake haijaguswa. Ataguna. Akishaguna, umempata.

Kwa akina mama, weka saa yao. Alasiri moja, mlango umefungwa, wanaume na kamera zao nje. Wale unaowaona mchana wamejitanda, wametulia, ndio haohao ambao usiku wa ngoma ya ndani hawamwachii mtu. Ushiriki haukuwapungukia kamwe. Faragha ndiyo ilikosekana.

Na usione haya kuweka chambo. Hakuna ngoma inayosubiri umati uamue kwa pamoja. Kuna mtu anayeingia kwanza uwanjani, mara nyingi shangazi mmoja asiyejali, na wengine wanafuata. Tafuta shangazi wawili wa namna hiyo.

Hili la ngoma lina historia ambayo napenda kila mwanafunzi wangu aijue. Mbrazili Hélio Oiticica, miaka ya 1960, alikwenda kwa wacheza samba wa mtaa wa Mangueira, Rio de Janeiro, akajifunza kucheza. Kutokana na hapo akashona mavazi ya vitambaa, turubai na plastiki ambayo ukiyatundika ukutani ni matambara, mpaka mtu ayavae na kucheza ndipo yawe kazi. Mwaka 1965 alikuja na wacheza samba wake kwenye ufunguzi wa maonyesho katika jumba la sanaa za kisasa la mji huo. Wakazuiwa, wakatolewa nje. Wakachezea huko nje. Kwa hiyo mtu akikuambia sanaa shirikishi tumeletewa na wazungu, mwambie kipande kizuri cha hadithi hiyo kilitoka uwanja wa ngoma na kikafukuzwa mlangoni na wenye majumba.

Ndiyo maana nakutahadharisha pia na kunakili. Rirkrit Tiravanija, msanii wa asili ya Thailand, mwaka 1992 aligeuza ukumbi mmoja wa New York kuwa jiko, akapika mchuzi wa kari akawapa watu wale bure, na watu wa sanaa wakazungumza miaka na miaka. New York kula na usiowajua bila kulipa ni tukio. Hapa pilau ya maulidi inaliwa na mtaa mzima na hakuna aliyeandika tahakiki. Allan Kaprow mwaka 1961 alijaza ua wa jumba la sanaa New York matairi chakavu, watu wakapanda juu yake. Sisi tumekua tukisukuma matairi hadi sokoni na kurudi. Kinachoshangaza kwao kwetu ni jambo la siku yoyote. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Meschac Gaba, mtu wa Cotonou, Benin, ambaye kati ya 1997 na 2002 alijenga jumba lake la makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika, vyumba kumi na viwili, akilizungusha ndani ya majumba ya Ulaya. Mna chumba cha michezo, chenye meza ambazo juu yake kuna vipande vya bendera za nchi za Afrika, unavisukuma kuzipanga na kuzivuruga. Ni mchezo wa mtoto wa darasa la pili, na ni swali zito kuhusu nani alizipanga bendera hizo mara ya kwanza.

Nami nikupe aibu yangu. Miaka mingi iliyopita, mjini hapahapa, nilitundika khanga sitini kwenye kamba katika ukumbi mmoja, nikawaomba watu wazihamishe majina yake yajibizane. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili mama mmoja akaichukua ile ya "Usisafirie nyota ya mwenzio" akaitundika palipoelekea mlango wa jirani yake. Jirani akaja alasiri, akasoma, akatafuta ya kujibu. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamepanga khanga kumi na moja, mtaa mzima unakuja kusoma, wengine wanaleta khanga zao kutoka kabatini, na mwenye ukumbi ananiambia nizitoe kabla hapajamwagika uji wa moto. Asubuhi moja nikakuta ile ya kwanza imeondoka. Niliona nimeshindwa, nikafunga nikaenda zangu. Leo nikiulizwa kazi yangu ipi ilifanikiwa naitaja hiyo, japo khanga bado naidai. Mhakiki wa Kiingereza Claire Bishop amewahi kuwasema wasanii wa ushiriki kwa kupenda mno maelewano, kana kwamba watu wakikutana lazima wapatane. Mama wale wawili hawakuwahi kumsikia.

Wapiga picha usiwachukie. Huyo naye ameitikia, ila "Tega!" yake ameipeleka kwenye simu. Ukitaka kumpata, mpe kinachoshindwa kupigwa picha: sauti, au harufu, au kitu kinachotokea tu mikono yote miwili ikiwa na kazi.

Narudi kwa mzee, kuna jambo nadhani hatukulisikia sawasawa. Ua uliopewa uko katika mji huu, na mji huu unajua misafara ya pembe na ya watu ilikoishia. Nyumba kongwe za pwani yetu si mandhari. Inawezekana alichokusudia ni kwamba huu ni mchezo, na hapa si pa mchezo. Kamuulize. Chukua kahawa, kaa naye, usiende na daftari. Huenda akakuambia nyumba ile ilikuwa ya nani na nini kilikuwa kikihifadhiwa uani.

Akikuambia, si lazima uache kucheza. Julai 2019 wasanifu wawili wa Marekani, Ronald Rael na Virginia San Fratello, walipitisha bembea tatu za rangi ya waridi, za kupanda na kushuka, katikati ya nondo za ukuta wa mpaka wa Marekani na Mexico, watoto na wakubwa wakakaa huku na huku wakibembezana: wa upande huu akishuka, wa upande ule anapanda. Ilidumu chini ya saa moja. Pale ni mahali pa machozi, na hakuna aliyeona wamepadharau, kwa sababu huwezi kupanda juu bila wa ng'ambo kukubali kushuka. Mchezo ule haukukiuka mahali, ulisema ukweli wake. Madumu yako yanasema nini kuhusu ua ule? Kama hayasemi kitu, omba ua mwingine. Mji una viwanja.

Vyovyote utakavyoamua, usipige msumari wala kutoboa kuta za mawe na chokaa. Majengo ya kale yana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mbali na sheria, chokaa ikishafumuka haina fundi wa haraka.

Kamba. Katani ni nzuri kwa macho, na kwa mtu wa Tanga kama mimi ni ya nyumbani, lakini ikiloa ikakauka, ikaloa tena, na jua na hewa ya chumvi, huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Madumu arobaini yakijaa ni kilo 200 za maji. Maji uliyoyatia kamba zako ziliyabeba. Hazikubeba watoto. Mtoto wa kilo 25 akibembea kwa nguvu, anapopita chini kabisa kamba inavutwa kana kwamba wamekaa wawili, wakati mwingine zaidi. Na dumu lina mkono wa plastiki uliotengenezwa kubeba lita tano, si mtu.

Mimi ningewaachia watoto bembea yao, maana waliigundua wao na ni nzuri kuliko vijiti vyako. Weka chache upande mmoja wa ua, kamba za meli, mafundo yafungwe na fundi wa majahazi na si rafiki yako, chini mchanga laini wa kina cha futi moja, na kijana mmoja wa kusimamia ambaye watoto wanamwogopa kidogo. Kila bembea inapokwenda mbele, kamba nyembamba ivute madumu matupu ya upande wa pili yalie, huko walikokaa wazee na kahawa yao.

Nitumie picha ya boriti ulizofungia: unene wake, umbali kutoka ukuta hadi ukuta, na kama mchwa wamefika. Kabla ya hapo sikuambii ziwe bembea mbili au nne.